Umeme Ukikatika, Moto wa Peleti Haukatiki

Anayetaka kununua jiko la peleti, lile linalochoma vijiti vya vumbi la mbao kwa msaada wa umeme, huuliza kwanza linakula kiasi gani, kisha linapasha joto vyumba vingapi. Swali ambalo kwangu mimi lilipaswa kutangulia huja kuulizwa usiku wa baridi kali, taa zimezimika ghafla, jiko limepamba moto: sasa huu moto nani anauongoza?

Nimekaa na jiko la namna hii miaka ya kutosha kulipenda. Linajiwasha alfajiri kabla hatujaamka, halina kazi ya kupasua kuni, na majivu yake ya wiki nzima hayajazi ndoo. Leo lakini naandika juu ya udhaifu wake mmoja, kwa sababu ni udhaifu unaoweza kuua watu waliolala, na kwa sababu kinga yake iko ndani ya uwezo wa kila mwenye jiko akishaelewa kinachotokea. Umeme ukikatika, kila kitu ndani ya jiko la peleti husimama isipokuwa moto.

Tulifungue tuone. Peleti ni vumbi la mbao lililokandamizwa hadi likawa vijiti vifupi vigumu, vingi vikiwa na kipenyo cha milimita 6. Zinakaa kwenye hopa, yaani sanduku la akiba yake, juu au nyuma ya jiko. Chini ya hopa kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota. Kila inapozunguka hubeba peleti chache na kuzidondosha kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, na humo ndimo moto unamowaka. Kiwashio cha umeme huzichoma zile za kwanza, zilizobaki hurithishana moto. Kuna feni inayovuta moshi kutoka kwenye chumba cha moto na kuusukuma nje kupitia bomba, na kwenye majiko mengi kuna feni ya pili inayopuliza hewa ya sebuleni juu ya vyuma vya moto na kuirudisha ikiwa na joto. Juu ya yote iko bodi ya kielektroniki inayoamua skrubu izunguke kwa kasi gani, feni zivute kiasi gani, na lini jiko lizimwe.

Katika hivyo vyote, cha kukitazama ni feni ya moshi. Jiko la kuni la kawaida lina bomba pana linalopanda hadi juu ya paa, na joto la moto wenyewe ndilo linalopandisha moshi, kwa hiyo umeme ukiwepo au usiwepo, linapumua. Jiko la peleti limepewa bomba jembamba, la milimita 80 au 100, kwa kuwa kuna feni ya kusukuma. Walioyabuni majiko haya nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwemo Jerry Whitfield aliyekuwa mhandisi wa ndege, waliona mbali: bomba linapita ukutani, hakuna haja ya kujenga dohani, na moto mdogo unaopewa hewa kwa kipimo huungua safi kuliko gogo linalofuka. Ni faida ya kweli, nami naifaidi kila siku ya baridi. Ila pumzi ya jiko imewekwa mikononi mwa waya.

Feni ikizunguka, mkandamizo wa hewa ndani ya chumba cha moto unakuwa chini kidogo kuliko wa sebuleni. Kwa hiyo penye upenyo wowote, kwenye gasketi ya mlango (ukanda wa kuzibia kingo zake) iliyochoka, kwenye kifuniko cha hopa, kwenye tundu la kusafishia majivu, hewa ya sebuleni ndiyo inayoingia. Moshi hautoki. Unaweza kuishi na upenyo huo msimu mzima na usijue kwamba upo. Feni ikisimama, ile tofauti ya mkandamizo inakwisha papo hapo, na upenyo uliokuwa ukiingiza hewa unaanza kutoa moshi.

Na moshi upo, tena mwingi kuliko wakati jiko lilipokuwa linafanya kazi. Skrubu imesimama, kwa hiyo moto haupewi chakula kipya; hapo tuna bahati. Jiko la kilowati 8 likiwa kwenye nguvu zote hula karibu kilo 1.8 kwa saa, na kilichomo kwenye kikombe wakati wowote ni sehemu ndogo ya hizo. Lakini kiasi hicho kidogo kimenyimwa hewa katikati ya kuungua. Mwali unalegea na kufa. Gesi za mbao ambazo mwali ulikuwa unaziteketeza sasa zinatoka mbichi, nyeupe, nzito, zenye kuwasha macho. Zikishaisha, yanabaki makaa, na makaa yanayokosa hewa hutengeneza kaboni monoksidi, gesi ya sumu, kwa wingi, bila moshi wa kuonekana kwa macho. Hali hii huchukua robo saa, nusu saa, wakati mwingine zaidi, kulingana na kikombe kilikuwa kimejaa kiasi gani. Mtu anaweza kuuona moshi mweupe umepungua, akasema kumeisha, akarudi kulala, kumbe sehemu ya pili ndiyo imeanza.

Halafu kuna nyumba yenyewe, ambayo wengi hawaihesabu. Nyumba yenye joto wakati nje kuna baridi huvuta hewa kutoka chini kwenda juu. Hewa ya moto inapanda, inatoroka kwenye nyufa za dari na madirisha ya ghorofani, na nafasi yake inajazwa na hewa inayoingia kwa chini. Kadiri nyumba ilivyo ndefu na nje palivyo na baridi, ndivyo mvuto huo ulivyo mkali. Sasa fikiria jiko lililowekwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, bomba lake limetoboa ukuta na kuishia hapo hapo. Feni ilikuwa inaushinda mvuto wa nyumba kila dakika bila mtu kujua. Ikizimika, bomba lile linakuwa njia mojawapo ya hewa ya nje kuingilia, na hewa hiyo inapita katikati ya makaa kabla ya kufika sebuleni. Upepo ukiwa unapiga ukuta huohuo, hali inakuwa mbaya zaidi. Na umeme wa majira ya baridi mara nyingi hukatwa na dhoruba, ambayo haiji bila upepo.

Ndiyo maana nikiulizwa ushauri mmoja tu, nasema: tazama bomba lako. Bomba linalopanda wima, hata mita moja hadi moja na nusu kabla ya kutoka nje au baada ya kutoka, linabeba nguzo ya hewa ya moto ambayo inapanda kwa wepesi wake yenyewe. Feni inaweza kufa na nguzo hiyo ikaendelea kuvuta taratibu, vya kutosha kuupeleka moshi wa kikombe kimoja nje. Vitabu vingi vya watengenezaji hupendekeza kimo cha namna hiyo kwa sababu hiyohiyo. Sehemu ya wima ikiwa ndani ya nyumba ni bora, kwa sababu inabaki na joto. Ikiwa nje, iwe ya kuta mbili zenye kihami joto katikati, maana bomba lililopoa halivuti. Kuna majiko yanayoruhusiwa kutoa bomba moja kwa moja ukutani, na penye ruhusa hiyo kisheria hakuna kosa. Mimi lakini nisingelala katika nyumba ya aina hiyo bila betri ya akiba na king'ora.

Tulipokuwa tunaandaa mahali pa jiko letu, fundi aliyekuja kupima alichora bomba fupi la mlalo, kwa hoja kwamba feni inatosha.

"Fundi, na umeme ukikatika je?" nikamwuliza.

"Litajizima lenyewe, mama."

Alikuwa mkweli. Jiko hujizima. Ila kuzima moto ni kazi moja na kutoa moshi ni kazi nyingine, na aliyekatiwa umeme amenyimwa ile ya pili. Nilimweleza hivyo, tukakaa mezani na kitabu cha jiko, akachora upya bomba likiwa na kimo. Iliongeza kazi ya siku moja. Nasema haya kwa sababu wengi wetu hunyamaza mbele ya fundi tukiogopa kuonekana wajuaji, na bomba likishawekwa, ni vigumu kumwita tena kulibomoa.

Kuhusu kaboni monoksidi naomba msomaji asiruke. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka huku imebeba kitu kisichofaa. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na akili kuvurugika; hiyo ya mwisho ndiyo ya kutisha, kwa kuwa inamwondolea mtu uwezo wa kuamua kutoka nje. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Hata baada ya kutolewa kwenye hewa safi, nusu ya gesi iliyoshika damu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka, na ndiyo maana hospitalini mgonjwa hupewa oksijeni tupu, inayoufupisha muda huo hadi karibu saa moja na nusu. Kama watu wawili nyumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko linafuka, usiwape dawa ya maumivu. Watoke nje wote, na piga simu ya dharura ukiwa nje.

King'ora cha kaboni monoksidi kiwe na betri yake. Linaonekana jambo la wazi, lakini viko vinavyochomekwa ukutani tu, na hivyo hufa pamoja na taa, saa ileile vinapohitajika. Kiwekwe kwenye chumba chenye jiko na kingine karibu na mahali watu wanapolala. Ni vizuri pia kujua kinavyofikiri. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, king'ora hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 katika milioni, lakini ikiwa ni sehemu 100 kinaruhusiwa kusubiri dakika 10 hadi 40, na kwa sehemu 50 kinasubiri dakika 60 hadi 90. Kwa kiwango cha Marekani cha UL 2034, sehemu 70 zinaweza kuchukua saa 1 hadi 4 kabla ya kulia. Vimetengenezwa kumwokoa mtu mzima mwenye afya. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito au mtoto mchanga anaweza kuumia mapema zaidi. Kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi usiseme mbona king'ora kimenyamaza. Na ukute kimelia hujasikia harufu yoyote, kiamini.

Hapa niweke pembeni jambo linalohusiana. Peleti zenyewe, hata bila moto, zikirundikwa kwa wingi hutoa kaboni monoksidi polepole, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye mbao hukutana na oksijeni na kuvunjika. Mwaka 2006, katika bandari ya Helsingborg nchini Sweden, baharia alikufa kwa kuingia kwenye ngazi iliyopakana na shehena ya peleti melini. Mifuko michache uliyoipanga sehemu yenye hewa haina neno. Lakini mwenye ghala la ndani linalobeba tani kadhaa, na linalopitishiwa hewa kwa feni ya umeme, asishuke humo na tochi umeme ukiwa umekatika.

Sasa taa zimezimika. Mikono hutamani kufanya kitu, na kazi kubwa ni kuizuia. Mlango wa jiko ubaki umefungwa. Gasketi yake ndiyo kizuizi kilichobaki kati ya kikombe na sebule, na ukiufungua, moshi unamwagika, na hewa mpya inaweza kuziamsha gesi zilizojaa humo zikalipuka usoni. Kifuniko cha hopa nacho kisiguswe. Maji yasimwagwe: kioo na chuma vilivyo na joto la mamia ya nyuzi hupasuka, na mvuke huunguza. Usijaribu kuzitoa peleti zinazofuka kwa koleo kwenda nazo nje, hata kama mlango wa nyumba uko hatua chache tu. Fungua kidogo njia ya hewa ya jiko kama lako lina kifaa cha mkono cha kuirekebisha na kitabu chake kinaelekeza hivyo. La sivyo, liache.

Kisha simama usikilize na unuse. Kama bomba lina kimo na gasketi ni nzima, mara nyingi hutaona chochote ila moto unaofifia. Kama moshi unatoka, hata mwembamba, fungua madirisha na milango ya chumba kile na utoe watu nje. Baridi ya nusu saa hupita. Watoto na wazee watangulie, wavikwe nje. Kama moshi ni mwingi, au unatoka kwenye hopa, zimamoto waitwe hapo hapo bila kuona aibu.

Moshi wa hopa ninaupa uzito kwa sababu unaashiria jambo tofauti: moto unatambaa kurudi nyuma kupitia skrubu kuelekea kwenye akiba ya peleti. Watengenezaji wameweka vizuizi. Skrubu nyingi huishia juu ya kikombe ili peleti zidondoke na kuacha pengo, na karibu na hopa huwa kuna themostati ya usalama, nyingi zikikata kwenye nyuzi 85 hivi na kuhitaji mtu abonyeze kitufe kuirudisha. Lakini themostati hukata umeme wa skrubu, na umeme tayari haupo. Kinacholinda wakati huo ni umbo la jiko na hopa isiyopitisha hewa, yaani kifuniko chenye gasketi nzima kinachobana. Aliyezoea kukiacha kifuniko wazi kwa sababu "kinasumbua wakati wa kujaza" amefungua njia ya hewa kupanda kutoka kwenye moto. Unga wa peleti unaorundikana chini ya hopa nao hushika moto kwa urahisi kuliko peleti zenyewe. Mimi huumaliza kwa kifyonza vumbi jiko likiwa limepoa kabisa, kila hopa inapokuwa tupu.

Umeme ukirudi, watu hushukuru na kwenda kulala. Hapo napo pana hatari ambayo ajali zake zinatisha zaidi kuliko moshi, kwa kuwa huja kwa kishindo. Majiko hayafanani. Umeme ukikatika kwa sekunde chache, mengi huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukikatika zaidi, mengi huanza kwa kupuliza feni kwa nguvu ili kupoza na kusafisha, huonyesha alama ya hitilafu, na kusubiri mtu. Lakini yapo yanayojiwasha upya yenyewe. Kikombe kikiwa kimejaa peleti zilizoungua nusu, matundu yake ya hewa yanakuwa yameziba. Kiwashio kinazichoma kutoka chini bila mwali, chumba kizima cha moto kinajaa moshi mzito mweupe, na moshi huo ni kuni iliyogeuka gesi. Cheche ya kwanza ikitokea, gesi yote inashika kwa mkupuo. Vioo vimevunjika na milango imefunguka kwa namna hii.

Kwa hiyo mlango wa jiko likiwa na moshi mweupe uliojaa mpaka huoni kikombe haufunguliwi, na mtu hasimami mbele ya kioo. Acha feni ivute. Jiko likishapoa kabisa, fungua, toa kila kilichomo kwenye kikombe, safisha matundu, hakikisha kikombe kimekaa sawasawa mahali pake, ndipo uwashe. Zile peleti ulizozitoa usizirudishe kwenye hopa, hata zikionekana nzima, kwa sababu kaa moja lililojificha linatosha. Ziende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya sakafu isiyoungua, zikae humo siku kadhaa, maana majivu hutunza moto muda mrefu kuliko unavyodhani.

Jiko likiwa bado la moto mimi silichomoi kwenye soketi, ili umeme ukirudi feni iweze kufanya kazi yake ya kwanza. Hiyo ni kwa jiko langu, ambalo kitabu chake kinasema halijiwashi upya. Kama lako hujiwasha, na unataka kulala au kuondoka, subiri lipoe halafu lichomoe. Tafuta ukurasa huo kwenye kitabu chako leo, wakati taa zinawaka.

Nimeiacha betri mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa wengi huanzia huko na kuishia huko. UPS ndogo, yaani kifaa cha umeme wa akiba kama kile cha kompyuta, ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7 au 9. Hiyo ni kama wati-saa 100. Jiko likishawaka hutumia chini ya wati 100 au karibu na hapo, kwa kuwa kiwashio, kinachokula wati 300 hadi 400, kimeshamaliza kazi yake. Toa upotevu, toa uzee wa betri, na una labda nusu saa. Kwa kupasha nyumba joto haifai kitu. Kwa kulizima jiko kwa utaratibu inafaa sana, na hilo ndilo lengo lake: taa zikizimika, unabonyeza kitufe cha kuzima, skrubu inaacha kulisha, feni inaendelea kuvuta hadi kikombe kiishe, na moshi wote unatoka kwa njia yake. Tatizo ni kwamba jiko halijui kama linakula umeme wa ukutani au wa betri. Usipolizima, litaendelea kujilisha hadi betri iishe, halafu utakuwa pale pale, moto mwingi na feni imekufa, umenunua nusu saa tu ya kuchelewesha. Mahali pasipo na mtu wa kubonyeza, iwepo mifumo inayolizima jiko yenyewe. Baadhi ya majiko yana sehemu ya kuunganisha ishara hiyo.

Anayetaka joto lenyewe aongeze ukubwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ya risasi, usiikamue zaidi ya nusu kama unataka iishi. Ukitoa na upotevu wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unapata kama saa 5. Ya lithiamu ya chuma na fosfeti huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi, na saa 9 zinawezekana. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile rahisi za wimbi la ngazi hufanya mota zivume na kupata joto, na bodi za majiko mengi huchanganyikiwa au kuungua. Hesabu pia kwamba kila unapowasha upya jiko kwa betri, kiwashio kinameza wati zake mia kadhaa kwa dakika kadhaa. Ni afadhali liendelee kwenye moto mdogo kuliko kuwashwa na kuzimwa.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekezwa mbali na madirisha. Si kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi, si kwenye baraza lililofunikwa. Katika dhoruba ya barafu ya Januari 1998 huko Quebec, na katika baridi ya Februari 2021 huko Texas, watu wengi walipelekwa hospitalini kwa kaboni monoksidi ya jenereta na majiko ya mkaa waliyoyaingiza ndani, na wengine walikufa. Baridi ikizidi, mtu hushawishika kutia vipande vya kuni kwenye kikombe cha peleti au kuleta jiko la mkaa sebuleni. Hapana. Kusanyikeni chumba kimoja kidogo, fungeni milango, mablanketi yote yaje hapo, na hali ikishindikana hamieni kwa ndugu au jirani mwenye moto wa bomba pana.

Nyumbani kwetu, hatua hizi zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya jiko, pamoja na namba ya dharura, na tochi inaning'inia hapo hapo. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi, nilimwonyesha kitufe cha kuzimia kabla sijamwonyesha cha kuwashia. Akauliza kama hawezi kulimwagia mchanga tu, kama moto wa nje. Ni swali la mtu aliyezoea moto maisha yake yote, na lilinifundisha nani hasa ninapaswa kumweleza kwa makini: yule anayeujua moto vizuri na hajawahi kukutana na mashine.

Gasketi naipima kwa kipande cha karatasi. Nafunga mlango juu yake halafu navuta. Ikitoka bila kubanwa, popote kuzunguka mlango, gasketi imechoka. Bomba linasafishwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu majivu laini hutulia kwenye kona zake, na bomba lililosongwa halina mvuto wa kutosha hata likiwa na kimo. Betri nayo inajaribiwa mchana, kabla baridi haijaanza, jiko likiwa kwenye moto mdogo na madirisha yakiwa wazi. Ninachochomoa ukutani ni plagi ya UPS, ya jiko naiacha ilipo. Feni ya moshi ikiendelea kuzunguka, nazima jiko kwa kitufe chake, natazama saa, na naandika UPS ilidumu dakika ngapi na jiko lilichukua dakika ngapi kupoa. Namba ya kwanza ikianza kuisogelea ya pili, nabadilisha betri.